Password ya game ya zamani ilinifanya nimshuku best man wangu

Niaje wakuu. Hii siiongezi chumvi, maana mjinga katika story yenyewe ni mimi.

Nakaa Parklands. Njoroge ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, siku hizi yuko Kitisuru, na ndiye alikuwa awe best man wangu. Sisi wawili bado tunacheza game moja ya kaseti, ya roboti. Stage ya tisa imenishinda tangu utotoni.

Juzi akapata kaseti nyingine ya game hiyo mjini, pamoja na kijitabu chake. Ndani mtu alikuwa ameandika password kwa penseli. Ukiiweka inafungua debug menu, ile sehemu ya siri waliotengeneza game walijiachia ya kujaribia mambo. Unachagua stage, unapita ndani ya ukuta, haufi.

Akanitumia voice note: "Boss, weka Lariro. Capital zote."

Sasa, Njoroge hushrub. L yake ni R, R yake ni L. Mimi Mkamba sina haki ya kucheka mtu, lakini huyo nimemcheka miaka yote. Kwa hivyo nikamgeuzia herufi, nikaandika RALILO.

Ikakataa. Nikajaribu mara nne, nikampigia.

"Haiwezi kukataa," akasema. "Mimi niko ndani saa hii."

Hapo roho ikaingia doa. Nikasikiliza voice note tena. Alikuwa anaongea polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma kitu. Huyo si Njoroge ninayemjua. Nikaamua ananificha password ya kweli.

Ningeomba tu picha ya kijitabu. Lakini ukishamshuku mtu hauombi tena, unachunguza. Nikaanza kukumbuka vikao vya harusi alivyokosa, simu alizochelewa kushika. Kama ananidanganya kwa game, siku ya harusi itakuwaje?

Nikampa cousin yangu nafasi yake. Njoroge nikamwandikia text ya mistari miwili. Hakujibu.

Jumamosi nikaenda kwake nimkabili. Hakubishana. Alinipa kijitabu tu.

LARIRO. Vile vile alivyosema.

"Wewe ulisikia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba nilijua anashrub nikamrekebisha. Niliona aibu hata kumwangalia.

"Nimefanya mazoezi miezi miwili," akasema. "Sikutaka watu wa kwenu wanicheke nikisoma speech ya harusi yako."

Nikamwomba arudi awe best man. Akakataa, bila hasira. "Nitakuja, lakini nitakaa na wageni."

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kujirekebisha ukabaki wewe unasikia makosa yake ya zamani. Sijaigusa hiyo game tena.

Harusi ni wiki ijayo na speech anasoma cousin. Kama kuna aliyewahi kumkosea rafiki hivi na wakapatana, aniambie alianzia wapi. Hata mkinitusi nitasoma.