Kikapu Chini ya Meza ya Bi Zena

Jambo hili nimewaficha watu wengi, na hata sasa nikilisimulia natazama chini. Ofisi yetu ni nyumba ya kale hapa Mkomani, mjini Amu, tumeikodi watu sita wa kazi mbalimbali, kila mtu na meza yake, na mimi mwandishi nikajipa cheo ambacho hakuna aliyenipa: msimamizi wa taka. Niliondoa mapipa chini ya meza, nikaweka pipa moja la chupa, ndoo ya maganda ya kuwapa punda, na boksi la karatasi, kisha nikawahutubia wenzangu (walivumilia).

Ijumaa moja boksi likajaa. Badala ya kutupa, nikaona nimpelekee Bwana Athmani, anayekaanga viazi karai karibu na msikiti, awafungie wateja. Na kwa kuwa nilitaka sifa kamili, nikabeba pia karatasi zilizofurika kikapu kilichobaki chini ya meza ya Bi Zena, mwalimu wa madrasa anayechapa masomo yake pale, ambaye siku hiyo hakuja. Nikazikata vizuri kwa rula, upande mweupe juu, ili wino usiguse chakula. Sikusoma hata moja.

Watu walipotoka kuswali nami nilikuwa kwenye foleni. Mzee mmoja akageuza karatasi yake, akapaza sauti: "Athmani! Aya hii, na mafuta haya! Humuogopi Mngu?"

Wengine wakageuza zao. (Bi Zena huziweka kando karatasi zenye aya zilizochapwa kwa makosa, zikafukiwe mahali safi, desturi hiyo kila mtoto wa Amu anaijua, nami nimezaliwa hapa.)

"Wallahi nimepawa," alisema Bwana Athmani. "Nimepawa na mtu nimwaminiye."

Hakunitaja. Alinitazama tu.

Ningependa kusema nilijitokeza papo hapo. Nilisubiri. Nikamsikia mmoja akisema, "Kwake hatununui tena," nikamwona mwingine akimrudishia viazi, na bado nikasubiri, mpaka yule mzee alipoinama kulizima jiko.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe, Bwana Swaleh? Na elimu yako yote hiyo?"

Nilivua kofia, nikapita kwa mtu mmoja mmoja nikizikusanya ndani yake, huku mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kanzu. Jioni nikampelekea Bi Zena, akazipokea kwa mikono miwili. "Ungeniuliza tu, Bwana," akasema, na tukaenda kuzifukia pamoja.

Siku hizi Bwana Athmani hafungi kwa karatasi yoyote. Kila mteja huja na sahani yake, kwa hivyo taka zimepungua kweli, ila si kwa hotuba zangu. Nami nimeapa kutogusa kikapu cha mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe. Lakini kila nikinyoosha sahani yangu, Bwana Athmani hunitilia viazi, tena vya kutosha, bila kunitazama.