Ukuta wa Kirumi Usiotiwa Chumvi

Kitabu kile nilikiazima Mombasa kwa ajili ya riwaya yangu, si kwa ajili ya harusi. Ndani yake mlikuwa na picha za rangi za majumba ya Warumi wa kale: kuta zilizovishwa marumaru nyekundu ya Misri, ya njano kutoka Afrika ya kaskazini, ya kijani kutoka Ugiriki, zote zimejaa mishipa kama mkono wa mzee. Nilitaka kukaa nazo kimya, niandike. Shangazi akanichungulia begani.

"Huo ndio ukuta wa harusi," akasema.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya, na dada yangu alikuwa anaolewa Msambweni. Nyumba yetu ya Ukunda ilikuwa ya udongo. Siku ya posa wakwe waliziangalia kuta zetu, kisha wakaangaliana, na dada aliwaona.

"Kaka," aliniambia, "siku hiyo moja tu, wasinicheke."

Nikamweleza shangazi kwamba Warumi walileta mawe hayo kwa meli, wakayapasua mabamba membamba, wakayabandika juu ya matofali ya kawaida.

"Kumbe ndani matofali tu!" Akapiga kofi. "Basi hao ni wenzetu. Tutapaka."

Baba aliguna juu ya kikombe chake cha kahawa. "Waingereza tumewaaga juzi, leo mwaniletea Warumi?" Lakini hakukataza. Dada yake huyo hajawahi kukatazika.

Tukachanganya chokaa na udongo mwekundu wa Kinango, tukaipata Misri. Kwa rangi ya njano shangazi alimwaga manjano ya jikoni, nayo ilipokutana na chokaa ikageuka nyekundu kama tambuu iliyotafunwa. Nilitaka kulia.

"Shangazi, hii ilikuwa iwe Afrika ya kaskazini!"

"Sasa ni harusi. Chora mishipa."

Nikachora kwa masizi na unyoya wa kuku, tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku kila mwanamke aliyepita akinisahihisha. Mmoja aliuliza kama ukuta unaumwa matende.

Na chumvi! Pwani nzima inajua kuwa chokaa hutiwa chumvi ili isimwachie rangi anayeiegemea. Nilisema. Shangazi akajibu kuwa chumvi itaifubaza rangi. Nikasema tena. Akaniambia niwaheshimu wakubwa wangu.

Siku ya nikahi wanaume wakaketi mikekani kwa kanzu nyeupe pe. Joto lilikuwa kali, na khutba ikawa ndefu, basi mmoja mmoja wakaegemea ukuta. Nikawatazama wakizama katika Rumi yangu, nikafumba macho. Ilipoitikiwa amina ya mwisho, wote wakasimama, migongo yao myekundu, imetambaliwa na mishipa.

Baba na baba wa bwana harusi walikuwa wameketi bega kwa bega, na sasa wakageuka pamoja kuelekea mlangoni. Mshipa mmoja ulianzia kwenye mgongo wa baba ukaishia kwenye mgongo wa mwenzake. Kitabu kilisema mafundi wa Rumi walihangaika sana kuupata mshipa uvuke hivyo kutoka bamba hadi bamba. Mimi niliupata kwa wazee wawili waliotoka jasho.

Mzee mmoja wa Msambweni akajikagua bega. "Jamani, tumekuja kuchukua mke, twapewa na nyumba!"

Wakaangua kicheko. Moyo wangu ukakimbilia kwenye pazia la chumba cha ndani. Dada alikuwa amelifunua kidogo, ameiona ile migongo, naye anacheka kuwashinda wote, mpaka akayafuta machozi kwa mikono yake yenye hina. Mama mkwe wake, aliyeketi naye, akatoa kichwa nje.

"Huyo mchoraji aje Msambweni, anipakie na mimi chumba. Ila kwangu atie chumvi."

"Ndivyo nilivyomwambia!" akadakia shangazi, bila hata kupepesa macho. "Lakini vijana wa siku hizi hawasikii."