Jibu la Lorene Jumamosi Ijayo

Studio ilitangaza rasmi kwamba mwigizaji mkuu wa filamu yake mpya, iliyotokana na vitabu vya katuni na kuonyeshwa kipande kwa kipande kila Jumamosi, anaruka mwenyewe kila mruko, bila msaada wa mtu.

Delbert Oakes aliisoma taarifa hiyo mguu wake ukiwa kwenye plasta. Shujaa huvaa kinyago, na penye kuruka, aliyekivaa alikuwa yeye.

Jumamosi alimpeleka mpenzi wake Lorene sinema, akamposa humo gizani. Papo hapo lori likatumbukia korongoni na shujaa ndani, kipande kikaishia hapo kama kawaida.

"Huyo ni wewe?" Lorene aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulipona?"

"Si nimekaa hapa namaliza bisi zako, mpenzi?"

"Usinichezee, Del. Mume wa kuzika simtaki. Nitakujibu Jumamosi ijayo, nikikuona umetoka."

Jumamosi ikafika, na shujaa akaonekana akichupa kabla lori halijaanguka. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Lorene alipiga kelele kuliko watoto wote, kisha akakubali.

Bwana harusi aliingia kanisani kwa magongo, akitabasamu. Msimamizi wake, mwigizaji mkuu wa filamu ile, hakuwa na hata mkwaruzo.