Miguu ya Tipule wa Gatsata

Mimi ndiye niliyeiharibu orodha ya wadudu wa nchi nzima, tena bila kutoka uani. Mpaka leo nikisikia harufu ya utomvu wa mnyaa, ule mweupe unaochuruzika ukivunja tawi la mti huo wa kuzungushia ua, narudi Gatsata, mtaani kwetu Kigali, mvua za mwisho wa 1993, kwenye meza ya mjomba. Alikuwa akifundisha biolojia shuleni Remera, na kipenzi chake alikuwa tipule, kama alivyomwita kwa Kifaransa: mdudu kama mbu aliyerefuka kupita kiasi, haumi, kazi yake kugongagonga ukuta. "Ndugu yako huyu," alinitania, maana nami sikupenda kutoka. Siku moja nikipangusa vumbi niliangusha kisanduku chake cha wadudu waliokaushwa. Miguu ya tipule hukatika hata ukiipumulia. Niliiokota yote, nikaibandika kwa utomvu, na tipule wa ukutani kwetu akapata miguu yenye pete nyeupe ya mwenzake wa milimani. Mjomba, na macho yake mabovu, akawatuma kwa posta makumbusho ya ng'ambo.

Jibu likaja: tipule wa milimani anapatikana Kigali pia, na aliyemkamata ni mjomba, jina kamili. Alinunulia nyumba nzima Fanta. "Mtoto wa jikoni wewe, mdudu wako amefika Ulaya kabla yako." Nilikunywa Fanta yangu. Nitamwambia ukweli Pasaka, nilijisemea, furaha ikishapoa. Pasaka ikapita. Siku chache baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, wauaji walikuja kumtoa nyumbani. Hatujui alipolala.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilichukua zaidi ya miaka thelathini kwa sababu sipendi kutembea. Mwaka jana binti mtafiti wa wadudu alibisha hodi na picha ya yule mdudu wa makumbusho: hii gundi ni nini? Jina la mjomba halikuandikwa popote pengine, hata kwenye kaburi. Ningeweza kusema sijui. Nikasema ni mnyaa. Tipule wa milimani akafutwa kwenye orodha ya Kigali, na mjomba akafutwa pamoja naye. Siku hizi nyua zetu ni za matofali, mnyaa umeng'olewa. Tipule bado wanagonga ukuta wangu, kwa miguu yao wenyewe.

Nilimsimulia jirani yangu Mama Solange, aliyekulia Bujumbura, tukichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Jina lake lilikuwa limekaa kwenye uongo wako. Sasa mtafutie mahali pengine, na mara hii itabidi utoke nyumbani."