Msumari wa Mkoba

Mtaa mzima ulimwita Mama Nawa, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kuzungukia wagonjwa majumbani, na kwa miaka tisa hakuwahi kuvuka kizingiti cha mtu bila kusema, "Nawa kwanza." Alimwambia mwenye nyumba, alimwambia mgeni aliyekuwa anaaga, na siku moja alimwambia hata fundi bomba aliyekuwa ameloa mwili mzima. Mganga hajigangi, watu husema. Yeye alijiganga, akawaganga na majirani, watake wasitake.

Fahari yake ilikuwa mkoba wa kitambaa cha bluu, zawadi ya mhudumu bora, wenye mifuko mingi na mishono minene. Ndani mlikuwa na bandeji, glavu, kipima presha na daftari la mafunzo. Ukurasa wa nne wa daftari hilo, kwa mwandiko wake mwenyewe na mistari miwili chini yake, uliandikwa hivi: mkoba wa mhudumu usiwekwe kitandani; utundikwe, au uwekwe juu ya kitu kigumu kilicho safi. Maneno hayo aliwakaririsha wahudumu wapya wote. Yeye mwenyewe aliketi ukingoni mwa kitanda na kuuweka mkoba karibu na mto, kwa sababu mgonjwa anataka mtu wa kumkaribia, na kanuni, jamani, ni za wanaojifunza.

Kunguni walipoanza kuwauma watu mtaani, alijua la kufanya: alitafuta wa kulaumiwa. Akampata nyumbani kwa bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Kidonda hicho kilikuwa kimegoma kupona kwa miaka miwili, hadi mkamwana wake, mke wa mwanawe dereva wa malori, alipoanza kukisafisha kila siku kwa mikono yake. Sasa kilikuwa kimebaki upana wa ukucha. Mama Nawa hakukitazama kidonda. Alitazama mshono wa godoro, akamwona kunguni, akatamka mbele ya watu:

"Kunguni hawaji wenyewe, mwanangu. Wanaitwa na uchafu."

Bahati mbaya, mmoja wa hao watu alikuwa wifi yake mkamwana, binti mkubwa wa bibi, ambaye alikuwa akiyasubiri maneno kama hayo tangu siku ya harusi. Palepale akatangaza kwamba Jumamosi anamchukua mama yake akamtunze kwake. Bibi akalia kwamba hataki. Kwa binti huyo kila mtu alikuwa na shughuli zake. Nani angekifungua kidonda? Mkamwana alichemsha maji, akamwagia nyufa za kitanda, akatoa godoro juani, akachemsha maji tena, mpaka vidole vikamtoka malengelenge.

Ijumaa Mama Nawa alikuwa zahanati akijaza fomu ya nyumba zenye kunguni. Muuguzi mkuu akaipitia kwa kalamu.

"Nyumba saba! Hata kwa mwalimu mstaafu? Si ndiye anayepiga pasi mpaka vitambaa vya jikoni?"

"Uchafu mwingine haujionyeshi, sista," alisema Mama Nawa.

"Huyu wa Jumatatu, huyu wa Jumanne, huyu wa Jumatano. Mbona wamefuata ratiba yako?" Muuguzi akacheka, akaitwa na mgonjwa, akatoka.

Mama Nawa naye akacheka, mpaka kicheko kikamwishia mdomoni. Akauvuta mkoba, akaufunua mshono wa chini. Walikuwa humo, wanene, wametulia, wenyeji kuliko yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuhusu mkoba hawakusema kitu, na yeye alikuwa amesoma ukurasa wa nne.

Hakuna aliyeona. Mkoba ungeweza kuchomwa moto, na yeye angebaki Mama Nawa. Mkamwana naye angebaki mchafu maisha yake yote, na bibi angehamishwa na kidonda chake kwenda kufunguliwa na mtu mwenye haraka. Tuseme ukweli: alilifikiria jambo hilo, tena si kwa dakika moja. Kisha akautumbukiza mkoba ndani ya mfuko wa plastiki na kukaza fundo.

Jumamosi asubuhi alimkuta bibi amekaa barazani, mguu umenyooshwa, nguo zake zimeshafungwa furushi. Wifi mtu alisimama kando ya furushi hilo kama askari, na mkamwana mlangoni.

"Mama Nawa, umekuja wakati mzuri!" alisema wifi. "Hebu mwambie tena huyu lile neno lako."

"Kunguni hawaji wenyewe," alianza. "Wanaletwa. Hawa nimewaleta mimi."

Akauinua mfuko wa plastiki ili waone. "Mkoba nilikuwa nauweka kitandani. Nyumba saba nimewagawia. Huyu mtoto hana kosa lolote. Nyumba sita zilizobaki nazipitia leo, nikaseme hivihivi."

Wifi akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye furushi.

"Furushi langu lirudisheni ndani," alisema bibi. "Mimi siendi popote."

Mkamwana aliingia ndani, akatoka na msumari na jiwe, akaanza kuugongelea ukutani, nje, pembeni mwa mlango. Aligonga kwa nguvu kuliko ukuta ulivyohitaji. Mama Nawa alisimama akimtazama.

"Ukishauchemsha mkoba wako, mama, mahali pake ni hapa," alisema mkamwana.

"Sawa, mwanangu."

"Sasa nawa kwanza. Kidonda kinasubiri."

Mama Nawa akainama kwenye ndoo, akajipaka sabuni mpaka viwikoni. Mkamwana akasimama karibu yake, akihesabu kwa sauti hadi ishirini, kama alivyofundishwa na Mama Nawa mwenyewe. Alipofika ishirini, akaanza tena moja.