Betri Tano za Kudura

Kudura hakuumbiwa kubembeleza watu. Wateja wake wa cherehani pale Mwigobero, mjini Musoma, wanalijua hilo: ukimletea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, atakuambia ukashonewe na malaika. Kwa hiyo shemeji yake Twalib, alipokuja Jumanne kutoka Kabasa, kule Bunda, akakaa kwenye kochi na kutangaza kwamba Alhamisi anamchukua kaka yake, alipaswa kukumbuka anaongea na nani.

Kaka mwenyewe ni Mussa, mume wa Kudura, fundi mitumbwi aliyepiga randa miaka thelathini mpaka vumbi la mbao na moshi wa lami vikamla mapafu. Huu mwaka wa pili anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni ambayo binti yao Najat aliituma kutoka Mwanza. Inakaa kando ya kitanda, inanguruma mchana kutwa na usiku kucha, na Kudura amezoea kelele yake kiasi kwamba kinachomshtua ni ukimya. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza. Mussa hafi palepale, lakini baada ya robo saa midomo yake inabadilika rangi, na ukimwona mtu wako hivyo mara moja, hutasahau.

Sasa gari la matangazo lilikuwa limepita mtaani: Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hakuna umeme, nguzo zinabadilishwa. Twalib alisema kwake Kabasa kuna jenereta. Kudura akamwambia basi ailete Musoma kwa siku hiyo moja. Haiwezekani, akasema Twalib, jenereta inaendesha majokofu ya dukani. Anayehamishika ni mgonjwa. Na akishahamia Kabasa hakuna haja ya kumrudisharudisha, atakaa hukohuko.

Mussa alikuwa anasikiliza kutoka kitandani. Akavuta pumzi, akasema hataki kwenda kulazwa katikati ya majokofu ya soda.

“Sawa,” alisema Twalib. “Alhamisi nakuja na gari. Mashine ikizimika, naondoka naye. Isipozimika, sitasema tena.”

“Njoo,” Kudura alimjibu. “Utakuta chai.”

Hakuwa anajitapa. Kudura alikuwa na mbinu yake, na ilianzia kwenye kalenda ya msikitini iliyotundikwa juu ya cherehani, ile yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu. Wavuvi wa dagaa huvuta samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, kwa hiyo wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Taa zao zinawashwa kwa betri kubwa kama za magari. Basi kila tarehe ya mwezi ikikaribia kumi na mbili, Kudura anateremka mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, anaazima betri zilizolala bure, anaziunganisha na inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, aliyofungiwa na fundi redio, na umeme ukatike unavyotaka. Betri moja inaendesha mashine saa mbili.

Tatizo ni kwamba Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nane. Giza tupu. Mitumbwi yote ilikuwa kazini.

Jumatano asubuhi alimkuta Wenceslaus, mzee wa wavuvi pale mwaloni, akianika dagaa. Akamweleza shida yake: betri tano, zilizojaa, moja kutoka kila mtumbwi. Wenceslaus alimsikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa.

“Mama Najat, siku za mbalamwezi nilikuwaga nakukatalia? Lakini giza hapana. Betri ikitoka siku za giza, usiku taa haiwaki, wavu unarudi mtupu. Hivyo ndivyo tunafanyaga hapa.”

Wengine watatu wanne walikuwa wamesogea kusikiliza. Mwanamke mwingine angelia. Kudura alikasirika, na hasira yake ina adabu ya kusubiri mpaka wote wamefika.

“Fundi Mussa akifa kesho,” alisema, “nyinyi mtafanyaje? Mtakuja msibani. Na msiba wa mtu wa mwaloni, mtumbwi hautoki siku tatu. Hivyo ndivyo mnafanyaga hapa. Mimi naomba taa moja kwa kila mtumbwi, kwa siku moja. Hesabuni wenyewe.”

Wenceslaus alicheka kwanza, akakubali. Hadi jioni betri tano zilikuwa zimepangwa sebuleni kwa Kudura. Ya mwisho aliileta Danford, kijana aliyeoa juzi, akaiweka chini na kuondoka upesi bila kungoja kushukuriwa.

Alhamisi umeme ulikatika saa mbili kamili. Kwa kukata tu, wale watu wa umeme hawachelewi. Twalib alifika saa tatu, dereva akabaki nje garini. Alikunywa chai aliyoahidiwa, macho yakiwa kwenye mashine. Betri ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Ya tatu ikafika saa nane mchana. Kudura akaunganisha ya nne, ile ya Danford.

Inveta ikapiga king’ora, mashine ikanyamaza.

Aliing’oa na kuichomeka ya tano, na mashine ikanguruma tena. Haikupita dakika mbili. Twalib alikuwa ameshasimama, akimwita dereva. Alisema mkataba ni mkataba, na kwa hesabu yoyote ile saa kumi betri itaisha, na umeme haurudi mpaka saa kumi na mbili. Alisema kweli tupu, na hilo ndilo lililomuudhi Kudura.

“Mpaka saa kumi mgonjwa ni wangu,” alisema. “Kaa hapo nyuma yake umshike mgongo, maana akiteleza hapumui vizuri. Narudi.”

Twalib alikaa. Hakuna aliyewahi kumpangia kazi ndani ya nyumba ile.

Bodaboda ilimfikisha Kudura mwaloni akiwa ameipakata ile betri mfu. Aliitua miguuni kwa Danford. Danford hakubisha. Alisema ilikuwa kuukuu, aliogopa kutoa nzima siku za giza, akadhani Mama Najat hatazimaliza zote tano. Nzima iko mtumbwini, imeshafungwa. Amvumilie mpaka jioni wenzake wakija waishushe.

Hadi jioni Mussa angekuwa njiani kwenda Bunda, au pabaya zaidi. Kudura aliutazama ule mtumbwi. Aliujua; Mussa aliutengenezea uani kwao, ubavu ukigusana na mlango wa jiko. Na katika miaka thelathini ya ndoa, Mussa hakumruhusu hata siku moja akanyage ndani ya mtumbwi aliouunda, kwa sababu mwanamke haingii, wavu utarudi mtupu. Alikuwa amelikubali hilo bila kuuliza. Sasa aliogopa, aliogopa kwelikweli, si samaki bali macho ya wanaume wote wale.

Akakunja gauni, akapanda, viatu na vyote.

Alizichomoa nyaya, akainua betri, ikamshinda, akainua tena. Wenceslaus akaja kushika upande wa pili.

“Leo umetumaliza,” alisema Danford.

“Wavu ukirudi mtupu, njoo nyumbani unitukane,” alisema Kudura. “Utanitukana mbele ya mume wangu, yuko hai.”

Aliporudi alimkuta Twalib palepale alipomwacha, shati limelowa jasho, mkono mmoja kifuani kwa kaka yake, akihesabu pumzi kwa sauti ya chini. Hakuongelea mkataba. Saa kumi ilipofika aliinuka mwenyewe, akabadilisha betri kwa mikono yake, na akamwambia dereva atangulie, yeye atapanda basi. Saa kumi na mbili kasoro umeme ukarudi.

Twalib alipoondoka, Kudura alikaa kitandani. Angeweza kunyamaza. Lakini wavuvi wangemwambia, na yeye hakutaka mumewe asikie kwa watu.

“Nimepanda mtumbwi wa Danford,” alisema. “Nimeingia ndani kabisa.”

Mussa alifumba macho. Kudura akajiandaa kugombana na mgonjwa kama hakuna namna.

“Unavuja?” aliuliza Mussa.

“Hauvuji hata tone.”

Mussa akavuta pumzi, akautafuta mkono wa mkewe juu ya shuka, akaushika.