Chanjo Niliyoiua kwa Usafi Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini Makambako, Daktari wa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi mabomba ya sindano, akanitazama miguuni. "Binti, ng'ombe hachanjwi kwa viatu vya visigino virefu." Nikanunua mabuti siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa mapele ngozi ulikuwa umeingia vijiji jirani. Huletwa na kirusi, husambazwa na inzi na mbu wanaouma. Ng'ombe huota vinundu mwili mzima na maziwa hukauka. Nikatumwa Kifanya kuchanja. Mimi nimelelewa na mama asiyevumilia hata kijiko kichafu, basi mabomba niliyaosha kwa spiriti mpaka yakanukia hospitali. Nikachanja kijiji kizima. Wa mwisho alikuwa ng'ombe wa Mama Tulizo, mjane aliyelea watoto wanne kwa maziwa ya huyo mmoja tu.

Niliporudi nikajisifu jinsi nilivyoyaosha mabomba. Daktari akaweka kikombe chini.

"Uliyaosha kwa kitu gani?"

"Spiriti, Daktari. Mara mbili!"

"Ole wako! Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, ili mwili ujifunze kupigana nacho. Spiriti inakiua. Umewachoma maji matupu. Mabomba huchemshwa, yakapoa, basi."

Nililia, sisemi uongo. Nikamwomba aende yeye kuwaambia wanakijiji.

"Kosa lako, mdomo wako," akasema.

Kesho yake, penye kibano cha ng'ombe, kile kichochoro cha miti wanamobanwa ili wachanjwe, nikasema yote mbele ya watu. Kama wangekataa sindano ya pili, ugonjwa ungewamaliza ng'ombe wao. Ndipo Mama Tulizo akaangua kicheko, akanisalimu kwa kilugha. "Kamwene, daktari wetu! Jana umewaosha, leo wachanje." Akamvuta ng'ombe wake, akawa wa kwanza. Jamani, nilitaka kumbeba mgongoni!

Ugonjwa ulipofika Kifanya, mwezi ulikuwa umepita na kinga imeshajengeka. Ng'ombe wetu walisimama imara. Watafiti wa maabara wakaja, wakaomba daftari langu la chanjo. Kosa nilikuwa nimeliandika kwa wino. Wakanishukuru: bila mstari ule wangeona sindano mbili, wakadhani dozi moja haitoshi. Ninyi vijana mnaoanza kazi, andikeni na aibu zenu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mama Tulizo, sasa bibi wa mkongojo, alikuja na mtamba, wa uzao wa ng'ombe wake yule.

"Wako huyu, mwanangu."

"Asante, mama. Anaitwa nani?"

"Spiriti."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko. Sasa ameshazaa, namkamua kila asubuhi.